Siafu wa Mzee Mabruki

Kule Chemchem, mjini Tabora, ukitaka kumkasirisha Zamda binti Mabruki hukuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha kumuuliza kwa upole, "Hivi yule ndege wa baba yako amesharudi?" Hapo mwiko ungesimama hewani, na yule mama mnene wa miaka arobaini na mitatu angegeuka polepole kama behewa linalobadilishiwa njia. Watu wenye akili zao walikuwa hawaulizi mpaka wamekwisha kula.

Maana Zamda alikuwa mpishi, na mpishi kweli kweli. Nyumba ya wageni aliyofanyia kazi ilikuwa hatua chache kutoka stesheni, na abiria waliosubiri treni ya Kigoma au ya Mwanza waliomba Mungu treni ichelewe, waongezwe kisamvu chake cha karanga. Mumewe alikuwa amefariki, watoto hakujaaliwa, na mtu wake duniani alikuwa mmoja tu, baba yake, Mzee Mabruki bin Feruzi.

Mzee Mabruki alikuwa mpagazi, mwana wa mpagazi. Baba yake alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo mara saba, akarudi mara saba, na katika ukoo huo sheria ilikuwa moja: mzigo hautupwi. Mabruki alipokuwa kijana, treni ilikuwa imekwisha wanyang'anya wapagazi kazi yao, kwa hiyo akawabebea wazungu waliotaka kwenda kule ambako reli haifiki. Ndivyo alivyofika kisiwa cha Nyabuhele, katika Ziwa Victoria, mwaka 1931, na ndivyo balaa lilivyoanza.

Alikuwa amemfuata mzungu mmoja mkusanyaji wa ndege. Mzungu yule alimtafuta ndege mmoja tu, ndege wa msituni ambaye watu walisema hayupo mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwani pale, na hata pale hakuna aliyeweza kusema amemwona jana. Sasa hapa ndipo Mzee Mabruki alipokuwa akianza hadithi yake, na akianza alianza hivi: "Siafu waliingia kambini asubuhi." Na kila mara wasikilizaji wangemkatiza: "Aa, mzee, siafu tunawajua! Ruka hao, tupe ndege!" Basi mzee alikuwa akiwaruka siafu kwa shingo upande, akasema kwamba watu wote walikimbia, naye peke yake akarudi hemani kuchukua mzigo, akamkuta ndege mlangoni. Akamrushia shuka, akamshika mzima. Akampeleka kwa mzungu aliyekuwa ndani ya maji hadi kiunoni, anapukutisha suruali. Mzungu akasema fungua. Mabruki akafungua. Ndege akaenda zake, kwenye shuka yakabaki manyoya matatu.

Mzungu, aliyekuwa ameinamia suruali yake, hakuona kitu zaidi ya manyoya. Alitafuta mwezi mzima, hakupata hata mlio. Waliporudi Tabora, pale pale stesheni, mbele ya wapokea wageni na wauza karanga, akamwita Mabruki mwongo, mwizi, mtu wa kuuza manyoya ya njiwa. Tangu siku hiyo, barazani kwa Humaidi muuza kahawa, jina lake lilikuwa Mzee Ndege. Wakimwona anakuja walikuwa wakiambizana, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu imefika mpaka kisiwani!" Humaidi mwenyewe, bwana wa asili ya Omani mwenye ulimi kama pilipili, ndiye aliyekuwa bingwa wa mzaha huo.

Mzee hakugombana. Alikuwa na silaha yake. Kila baada ya mwaka mmoja miwili angetokea mtu barazani, mara dereva, mara karani wa tumbaku, akadai naye alifika Nyabuhele na kumwona yule ndege. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Miguu yake ilikuwaje?" Mmoja alisema myekundu. Mwingine alisema mirefu. Wa tatu alisema kama ya kuku tu, mzee, miguu ni miguu. Mzee alicheka puani, akamalizia kahawa yake. Jibu hakumwambia mtu yeyote, hata Zamda.

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wageni watatu waliteremka Tabora kusubiri treni ya Mwanza. Mkuu wao aliitwa Luhende, kijana wa Chuo Kikuu, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, na alikuwa amesomea ndege. Watumishi wa nyumba ya wageni walipoambiwa hivyo walitoka nje kucheka. Zamda hakucheka. Alikuwa akiwaandalia mezani, na Luhende alikuwa amefungua kitabu cha Kiingereza, anawafasiria wenzake.

"Sikilizeni haya," alisema. "'Habari ya ndege huyu niliipata kwa Mabruki, mpagazi wa Tabora, ambaye ni mwongo kuliko wote niliopata kuwaajiri.'" Wenzake wakacheka. "Ndugu zangu, serikali inataka kuamua msitu wa kisiwa kile utumikeje, na inataka kujua kama ndege yupo au hayupo. Tuna siku ishirini na moja. Tusipomwona, nitaandika kwamba hajapata kuwapo, na kwamba yote yalianza na uongo wa mpagazi. Basi, tutakuwa tumefunga faili."

Zamda alikuwa ameshika bakuli la mchuzi wa moto kwa mikono miwili. Hakulidondosha. Lakini hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alikuwa akidhani tusi la baba yake liko barazani tu, litazikwa pamoja na hao waliolisema. Kumbe limo kitabuni! Na sasa kijana wa nchi yao wenyewe, nchi huru, atalipiga mhuri.

Aliweka bakuli mezani taratibu. "Na huko kisiwani, mwanangu, nani atawapikia?"

"Tutajipikia, mama."

"Nyinyi?" Zamda aliwatazama mikono, mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama sahani zao. Walikuwa wakila awamu ya tatu. Kabla ya chai ya jioni Luhende alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba kumwombea ruhusa.

Nyumbani, mzee alikuwa ameketi kibarazani na macho yake yaliyofunikwa na mtoto wa jicho. Alisikiliza habari yote, ya kitabu na ya safari, mpaka mwisho.

"Niambie miguu yake ilikuwaje, baba," Zamda alimsihi. "Nitamtambuaje?"

"Sikwambii. Ukimwona, utaniambia wewe."

"Na nisipomwona?"

Mzee alipapasa akaupata mkono wa mwanawe. "Mzigo hautupwi," alisema. Ndiyo yaliyokuwa maagano yao.

Nyabuhele kilikuwa kisiwa cha msitu mzito, mwendo wa siku nzima kwa boti ya mashine kutoka Mwanza. Walijenga kambi ukingoni mwa msitu: mahema mawili, na banda la nyasi la jiko ambamo vyakula na baadhi ya vifaa viliwekwa. Mwanamke mmoja wa kisiwani, Apolinaria, aliajiriwa kuleta kuni na maji, na kabla ya wiki kwisha yeye na Zamda walikuwa kama ndugu wa ziwa moja.

"Sisi tunamwita Sionekani," Apolinaria alimwambia. "Bibi yangu alimwona mara moja, akiwa mwari. Wengi wamezeeka bila kumwona. Anajificha kama mwenye deni."

Zamda akamwambia siri yake, kwamba yule mpagazi anayeitwa mwongo ni baba yake, akamwapiza asimwambie mtu. Apolinaria akajichora msalaba, akaufunga mdomo.

Luhende alifanya kazi, tusimwonee. Alitoka alfajiri na darubini, alifunga nyavu laini kati ya miti, alirudi amechanwa na miiba. Nyavu zilinasa ndege wa kila namna, akawapima, akawaandika, akawaachia. Sionekani hakunasa. Kila jioni Zamda aliuliza, "Leo?" na kila jioni kijana alitikisa kichwa. Siku ya kumi alitikisa kwa masikitiko. Siku ya kumi na nane alitikisa kama mtu aliyekwisha choka, akakaa mbele ya hema, akaanza kuandika taarifa yake. Zamda aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi, na ugali aliokuwa akisonga ukamwia mzito kama udongo. Alijua ni nani anayeandikwa pale.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa Apolinaria alikuja anakimbia na ndoo tupu. "Dada Zamda! Siafu!"

Walikuwa wakitoka msituni kama kamba nyeusi nene, na kichwa cha kamba kilikuwa kimekwisha fika ukuta wa jiko. Sasa, Tabora kila nyumba ina namna yake na siafu, lakini bibi yake Zamda alikuwa na namna moja isiyobadilika. Siafu aliwaita wakaguzi. Wakija, mtoto anatolewa, mgonjwa anatolewa, vifaranga wanatolewa, mlango unaachwa wazi, na watu wanakaa nje kwa adabu mpaka wakaguzi wamalize. Watakula panya, mende, kunguni, mayai ya nyoka, kisha watatoka kwenda zao, nawe utarudi katika nyumba safi kuliko ulivyoijenga. Kuwachoma ni kujitafutia ubaya, wanatawanyika na kukuingia hata kwenye nywele.

Kwa hiyo Zamda hakufikiri mara mbili. Aliingia jikoni mbio, akatoa masanduku ya vifaa vya Luhende, akatoa debe la mafuta ya taa lisije likaleta moto, akaiacha nyama kavu na samli kwa wakaguzi. Alipotoka mara ya mwisho alikuwa na siafu watatu shingoni, akawang'oa bila kupiga kelele.

Luhende alitoka hemani amevaa kiatu kimoja. "Mafuta ya taa!" alipaaza sauti. "Leteni debe! Mwageni kwenye mstari, tuchome!"

Wenzake wakalikimbilia debe. Na hapo ndipo Zamda, aliyekuwa akitazama jiko, alipoona nyasi za paa zinatikisika. Mende walikuwa wakiruka kutoka humo, na buibui, na panzi, na nge, kila mdudu anayejua kukimbia alikuwa akikimbia, wanadondoka chini kama mvua. Aliisikia sauti ya baba yake, wazi kabisa, ikianza hadithi mahali ilipokuwa ikianza siku zote: *Siafu waliingia kambini asubuhi.* Miaka yote hiyo watu walikuwa wamemwambia awaruke siafu. Yeye mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, alikuwa amemwambia hivyo hivyo.

Akawawahi vijana, akalikalia debe.

"Mama, ondoka," Luhende alisema.

"Siondoki."

"Mle ndani mna chakula chetu chote!"

"Nimekipika mimi, nakijua."

"Kesho asubuhi boti ikija utapanda, utarudi kwenu!" Kijana alipiga ardhi kwa kiatu chake kimoja. "Sikukuleta huku unifundishe kazi!"

"Nitapanda," Zamda alisema. "Lakini ya kesho ni ya kesho, leo nimekaa. Hebu nijibu jambo moja, wewe uliyesoma. Kitabu chako kinasema yule mpagazi alimwona ndege wapi?"

Luhende alishangaa swali. "Hakisemi. Kinasema kisiwani."

"Mimi nitakwambia. Mlangoni mwa hema lililojaa siafu. Alisema hivyo miaka thelathini na saba na hakuna aliyemsikiliza. Na huyo mpagazi mwongo kuliko wote, Bwana Luhende, ni baba yangu mzazi. Mimi ni Zamda binti Mabruki wa Chemchem. Chukua mashine yako ya picha, kaa chini, na unyamaze."

Apolinaria aliyekuwa nyuma yake alijichora msalaba tena. Wale wenzake Luhende wawili walitazamana. Sijui kama ni hoja iliyomweka chini au ni aibu, lakini Luhende aliingia hemani, akatoka na kamera, akaketi kwenye majani yenye maji.

Wakakaa. Siafu waliingia jikoni kwa mistari minne. Nusu saa ikapita, ikapita saa nzima. Zamda alihisi ukingo wa debe unamkata mapaja na hakuthubutu kusogea. Alikuwa akijiambia moyoni, Ee Mola, usinitahayarishe, si mimi tu, na yule mzee pia.

Hakuna aliyemwona akifika. Hapakuwa na kitu karibu na mlango, kisha pakawa na ndege. Alikuwa mdogo kuliko njiwa, mgongo wa rangi ya majani makavu, kifua cha chungwa lililoiva, na mstari mweupe juu ya jicho kama amepakwa chokaa. Hakuwagusa siafu. Aliwadaka panzi na mende waliowakimbia, mmoja huku, mwingine kule, bila sauti hata kidogo.

Na miguu yake! Zamda alipoiona alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Piga," alimnong'oneza Luhende, maana kijana alikuwa ameduwaa na kamera mapajani. "Piga picha, mwanangu, wee!"

Luhende akapiga. Akapiga tena, na tena. Ndege wa pili akatokea, dume au jike lake, na wote wawili wakala mbele ya banda la jiko kama waalikwa. Kabla ya adhuhuri nyavu zilikuwa zimehamishwa zikatandazwa sambamba na njia ya siafu, na mmoja akanasa. Luhende alimpima mbawa, mdomo, mkia, akaandika huku akirudia rudia peke yake, "Anawafuata. Wakihama, anahama. Ndiyo maana nyavu hazikumpata, jamani, anawafuata siafu!"

Alipomaliza alimnyanyua ndege yule, akamwekea Zamda viganjani. Zamda alikihisi kifua kidogo kikidunda kwenye vidole vyake. Ndipo akafungua mikono, kama baba yake alivyofungua shuka, lakini safari hii macho ya watu watano yalimwona ndege akiondoka.

Siafu walikuwa wamemaliza nyama na samli yote. Siku mbili zilizobaki walikula mihogo na samaki wa Apolinaria, na hakuna aliyelalamika. Boti ilipokuja kesho yake, hakuna aliyekumbuka nani alitakiwa kurudishwa kwao.

Treni iliwashusha Tabora mchana. Luhende alikuwa na tiketi ya moja kwa moja hadi Dar es Salaam, lakini alishuka na mkoba wake, akamfuata Zamda. Walimkuta mzee barazani kwa Humaidi, baada ya sala ya alasiri, watu wamejaa mabenchi yote mawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alikigeuza kichwa upande wa sauti. Hakuuliza habari za safari wala za njiani. "Miguu yake ilikuwaje?"

Humaidi akabaki na birika lake hewani.

Zamda hakujibu kwa mdomo. Alivua kandambili zake, akakusanya kanga yake magotini, na pale pale mbele ya wanaume wote wale akaanza. Alinyanyua mguu wa kulia, akautikisa, akautua. Akanyanyua wa kushoto, akautikisa, akautua. Kulia, tikisa, tua. Kushoto, tikisa, tua. Haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyesimama juu ya kikaango. Watu hawakuelewa wanaona nini. Mzee hakuona kitu, macho yake hayakumruhusu, lakini aliinamisha sikio akaisikiliza ile miguu ikigonga ardhi.

"Angesimamaje?" alisema polepole, na machozi yalikuwa yakimtiririka ndevuni. "Angetulia vipi, na siafu wako chini?"

Kisha akainuka. Alikuwa na miaka sabini na miwili na fimbo, fimbo akaitupa. Akanyanyua mguu wa kulia, akautikisa, akautua. Baba na binti wakaucheza ule mguu wa ndege katikati ya baraza, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi kwa mwendo wao, wengine wakafuata, mpaka wapita njia wakasimama kuuliza arusi ni ya nani.

Walipochoka wakaketi, Luhende akasogea mbele ya mzee, akamwamkia, akafungua daftari lake. "Mzee, nimeandika hivi: 'Mtu wa kwanza kumshika ndege huyu ni Mabruki bin Feruzi, mpagazi, wa Tabora. Alisema kweli.'"

"Soma tena."

Luhende akasoma tena.

"Tena. Hapo mwisho."

"'Alisema kweli.'"

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Si mlisema njia ya mwongo ni fupi?" aliwauliza wenzake. "Mimi mbona nimetembea miaka thelathini na saba?"

Watu walicheka, kisha wakaona haya. Humaidi aliacha birika lake, akaja akapiga goti. "Nimekutania sana, Mzee Mabruki. Niwie radhi."

"Ulinitania kweli, Humaidi. Lakini kahawa yako haikuwahi kupoa. Nimekuwia radhi."

Humaidi akammiminia kikombe cha kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, akavuta benchi karibu. "Basi tuhadithie, mzee. Yote."

Mzee Mabruki alikohoa, akapangusa ndevu, akakaa vizuri. "Siafu waliingia kambini asubuhi," alianza. Akaeleza walikotokea, na mistari yao ilikuwa mingapi, na rangi ya vichwa vyao, na yule mmoja aliyemng'ata mzungu mahali pasipotajika mbele ya binti. Birika la kwanza likaisha, Humaidi akaweka la pili, na mzee alikuwa bado yuko kwa siafu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia awaruke.